Fosse ya Watu Kumi na Watatu

Mimi huwa sialikwi kwenye sherehe. Miaka thelathini na mitatu hapa Goma nimejenga fosse za choo, nimezifukua, nimezitukana, na bado mtu akikutana nami njiani ananisalimia kwa mbali, kama vile harufu imenishika moja kwa moja. Halafu siku maji meusi yanapochipuka uani kwake, ananipigia simu kabla jua halijatoka. Idriss alinipigia mara tisa.

Idriss ni mtoto wa kwanza wa Papa Assani, na Papa Assani ni rafiki yangu wa siku nyingi. Yeye ni Mwislamu, wazee wake walitoka Kasongo, kule Maniema. Mimi ni Mushi, wa kabila la Bashi, Mkatoliki wa upande wa Bukavu. Jina langu ni Mulumeoderhwa, lakini mjini hapa hakuna mwenye subira ya kulifikisha mwisho, kwa hiyo wananiita Papa Mulume. Kutoka kwake hadi kwangu ni dakika nne kwa miguu. Assani aliendesha lori la mizigo kati ya Goma na Bunagana mpaka magoti yalipomkatalia. Fosse yake niliijenga mimi mwaka 2009, na kati ya kazi zangu zote ndiyo niliyokuwa nikiisifia zaidi.

Ilikuwa wiki ya pili ya Ramadhani, na mvua zilikuwa zimeshaanza. Nilipoingia uani nilikuta nyuma ya jiko pamegeuka dimbwi. Maji yalikuwa meusi, na juu yake povu la sabuni. Walikuwa wamepanga mawe ya kukanyagia ili mtu avuke kwenda chooni bila kulowa. Maji yalishapata njia ya kupita chini ya geti, yakatoka hadi barabarani, na majirani wakaenda kumlalamikia chef wa avenue, mkuu wa mtaa wetu. Yeye aliwapa kina Assani muda mpaka Idi. Kama mpaka hapo maji hayajakoma, choo kingefungwa.

Kilichomuuma Idriss hakikuwa chef wa avenue. Binti yake mdogo, Asma, wa miaka minne, alikuwa ametoka kulazwa siku tano kwa kuharisha. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, macho makubwa kuliko uso, ameshika kipande cha mkate asichokula. Nami nina wajukuu. Roho iliniuma, na mimi roho ikiniuma huwa nakasirika, na nikikasirika nasema upesi.

Nieleze kidogo kwa asiyejua kazi hii. Fosse ni mashimo mawili. La kwanza ni tangi la simenti: kila kitu kinaingia humo, uchafu mzito unazama, mafuta na povu vinaelea, na maji yaliyobaki katikati yanatoka kwa bomba kwenda shimo la pili. Hilo la pili tunaliita shimo la kunywa, kwa sababu kazi yake ni kunywa maji hayo na kuyapeleka ardhini. Shimo la kunywa likikataa, kila kitu kinarudi juu na kuja kukusalimia mlangoni.

Na sababu za kukataa ninazijua kama watoto wangu. Kuna bwana aliyeegesha Fuso yake juu ya shimo kila jioni mpaka likabomoka, kisha akaniuliza kama nilimtilia simenti mbovu. Kuna mwingine alipanda mti wa avoka hapo hapo kwa kuwa unastawi vizuri, akashangaa mizizi ilipoingia ndani ya bomba. Mama mmoja alikuwa akimwaga mafuta ya kukaangia sambusa kwenye sinki kila siku ya Mungu. Wengine wanaelekeza mvua yote ya paa humo. Na wengi, wengi sana, hawaleti gari la vidange kunyonya tangi hata mara moja, mpaka uchafu wenyewe unapanda na kwenda kuziba shimo la pili. Wote hao nimewatukana kwa majina yao.

Basi nikazunguka ua wa Assani kutafuta nani wa kutukana. Gari hakuna, mti hakuna. Mvua ya paa inaingia kwenye sisterne, tangi la maji ya mvua, wanaitumia kufulia. Mama Asumini, mke wa Assani, akaniapia kwamba mafuta ya kukaangia anayachuja na kuyatumia tena, na mimi namjua, hamwagi kitu. Nikauliza wako wangapi nyumbani.

Wakanihesabia. Assani na Asumini, Idriss na mkewe Nasiba, watoto wao watatu. Hao saba. Kisha wageni sita.

Wageni hao walikuwa watu wa Kalengera, upande wa Rutshuru. Zamani, lori la Assani lilipigwa risasi barabarani, na mtu wa Kalengera aitwaye Habarurema, ambaye hawakujuana hata kwa jina, alimficha siku tisa nyuma ya ghala la maharagwe. Tangu hapo Assani hakupita Kalengera bila kusimama kunywa chai. Habarurema akafa. Vita vikaja, familia yake ikakimbilia kambini upande wa Lac Vert. Mwaka jana kambi ilipovunjwa, Assani alikodi pikipiki, akazunguka siku mbili akiuliza huku na huku, akarudi na watu sita: mama yake Habarurema, mzee sana, ambaye wote wanamwita Koko, yaani bibi, mjane wake, Niyonsenga, na watoto wanne. Kalengera nyumba yao haikuwa na paa tena. Wakakaa. Mwaka ukapita.

Nikapiga hesabu kichwani, na hesabu ilikuwa rahisi mno, ndiyo maana niliipenda. Nilisimama katikati ya ua, mikono kiunoni, nikasema kwa sauti ile ile ninayotumia kuwafokea wenye maroli.

"Iyi fosse nilijenga ya batu sita. Mu nyumba muko treize. Munataka ifanye nini? Batu ni bengi, njo shida yenyewe."

Niyonsenga alikuwa akisugua sufuria karibu na jiko. Mkono wake ulisimama. Koko alikuwa kwenye kigoda mlangoni pa chumba chao, miguu imefunikwa na kitenge. Aliniangalia, akatazama chini. Niliona. Nilijiambia ukweli ni ukweli, na fundi haitwi kuja kubembeleza watu. Sikuwa hata nimefunua kifuniko.

Idriss alikuwa akingoja maneno hayo. Simlaumu, baba mwenye mtoto mgonjwa hutafuta wa kumlaumu. Jioni hiyo hiyo alimwambia baba yake kwamba sasa si yeye anayesema, ni Papa Mulume, mtu wa kazi, rafiki yake mwenyewe. Wageni waondoke kabla ya Idi. Angewatafutia gari la kuwarudisha Kalengera, na angewapa mabati ya kuanzia. Asumini alilia. Assani, aliyekuwa akikataa jambo hilo miezi mingi, aliniuliza mimi tu, kwa upole, kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Akasema basi, kama Mulume amesema, na akaingia ndani kulala kabla hata ya sala ya tarawehe, mtu ambaye hakuwahi kuikosa.

Kazi ilianza siku ya pili. Mwenzangu ni Onésime, tumefanya kazi pamoja tangu tukiwa na nywele nyeusi. Mtu hafungui fosse peke yake, kwa sababu hewa ya ndani inaua bila kupiga kelele. Tulifunua vifuniko asubuhi, tukaviacha wazi hadi mchana. Gari la vidange likaja, likanyonya. Lilinyonya maji kidogo tu, kisha mpira ukaanza kukoroma. Dereva akasema humo ndani hakuna cha kunyonya, ni udongo mtupu. Tukachukua ndoo na majembe.

Wakati huo wote Koko alikaa mlangoni pake. Watoto walikuwa wakicheza, wamekatazwa kusogea, na yeye aliwatazama, midomo yake imekauka mpaka imepasuka. Asumini aliniambia kwa fahari kwamba Koko sasa anafunga pamoja nao. Ni Msabato, hana haja ya kufunga Ramadhani, lakini tangu siku mbili hagusi maji mchana, labda kwa heshima ya nyumba. Nilisema ni jambo zuri. Nilimtania Assani kwamba ameshindwa kunisilimisha mimi miaka yote na sasa amempata bibi Msabato. Hakucheka.

Mwezi wa kufunga ndani ya nyumba ya Waislamu, nani ataona kwamba mtu mmoja hanywi?

Siku ya tatu tukaingia kwenye shimo la kunywa, na hapa lazima nirudi nyuma hadi mwaka 2009. Ardhi yetu ya Goma ni lava. Kuchimba mita moja ni kupigana na mwamba kwa nyundo na baramini, ule mtaimbo mrefu, siku nzima, na jioni mikono inatetemeka mpaka kijiko kinamwagika. Kwa hiyo kila fundi wa hapa anatafuta ufa. Lava ina nyufa, na ukipata ufa mzuri, unamwaga pipa zima la maji, unainama, unasikiliza. Yakishuka yote, umepona: unaacha kuchimba hapo hapo. Kwa Assani niliupata ufa kwenye mita mbili tu. Tulimwaga pipa, maji yakapotea kabla Assani hajamaliza kusoma Fatiha. Tulikumbatiana. Nikamwambia fosse hii haitajaa kamwe, ataiachia wajukuu, asipoteze muda na magari ya vidange. Maneno hayo niliyarudia kwa wateja kila mahali.

Sasa ufa ule ule ulikuwa mbele yangu, na haukuwa ufa tena. Ulikuwa umejaa kitu cheusi, kigumu, kilichokauka tabaka juu ya tabaka kama masizi chini ya sufuria ya zamani. Nilipiga kwa baramini, kikakatika kipande kinene kama kiganja. Chini yake kulikuwa na kingine. Kitu cha namna hiyo hakifanyiki kwa mwaka mmoja. Fundi yeyote akikiona anajua kimechukua miaka kumi na zaidi.

Nikafuata bomba kurudi nyuma, hadi linapotoka kwenye tangi, kuona kwa nini uchafu ulipita. Na nikaona.

Mwisho wa bomba, ndani ya tangi, lazima kuwe na kipande chenye umbo la T, kinachoteremka chini ya povu, ili maji ya katikati tu ndiyo yatoke, na mafuta na uchafu unaoelea vibaki. Hapo hapakuwa na T. Palikuwa na bomba limenyooka, limekatwa kwa msumeno wangu. Nikakumbuka kila kitu, hata hali ya hewa ya siku ile. Duka halikuwa na kipande, Assani alikuwa na safari ya Bunagana, alitaka tangi lifunikwe kabla hajaondoka. Nilisema nitarudi wiki ijayo kukiweka. Halafu ufa ulikuwa ukimeza vizuri mno, nikaona hakuna haraka. Miaka kumi na saba sikurudi.

Onésime alisimama juu, akaona nilichokiona. Alinishushia ndoo.

Nitasema nilichofanya, kwa sababu ningeweza kuficha hadi leo na hakuna ambaye angejua. Nililikata bomba lile, nikalitia kwenye mfuko wa simenti mtupu, nikaukunja. Nikapasua vile vipande vyeusi kwa nyundo, nikavichanganya na uchafu mwingine ndani ya ndoo. Nilijiambia mengi. Watu kumi na watatu kweli ni wengi. Mvua nayo imeongeza. Wageni wangeondoka tu siku moja. Nina umri wa miaka hamsini na tisa, sina kitu kingine mjini hapa ila jina langu, na mtu hawezi kuniambia nisimame uani mwa watu na kulivua kama koti. Nilitoka shimoni, nikanawa, nikamwambia Idriss kwamba shimo limekufa, lazima tuchimbe jingine. Akauliza kama ni kwa ajili ya watu wengi. Nikasema tutaongea.

Onésime aliondoka bila kunipa mkono.

Assani hakukubali niende nyumbani. Jua lilikuwa linakaribia kuzama, na kwake mtu aliyefanya kazi kwenye ua wakati wa Ramadhani hawezi kuondoka kabla ya kufuturu. Walitandika mikeka upande wa mbele, mbali na mashimo. Kulikuwa na tende, uji, sambusa, na jagi kubwa la maji. Mimi nilikaa pembeni, kwa sababu ya nguo zangu, na ndiyo sababu nilikuwa karibu na Koko.

Adhana ikasikika kutoka msikitini. Wote wakanyoosha mikono. Asma alikunywa, Idriss akanywa vikombe viwili bila kupumua. Niyonsenga alimmiminia Koko maji. Koko alikishika kikombe, akakiinua, akalowesha midomo tu. Kisha akakipitisha kwa mjukuu wake aliyekuwa kando, upesi, kwa namna ya mtu aliyezoea kufanya hivyo bila kuonekana. Tende alikula. Uji alisema ameshiba.

Nilimuuliza kwa nini hanywi, na mfungo umekwisha. Alitabasamu, akasema hana kiu. Akajaribu kusimama ili awaondolee sahani, na magoti yake yakakatika. Asumini alimdaka. Alimshika mkono, akavuta ngozi ya juu ya kiganja kwa vidole viwili, na ngozi ikabaki imesimama hivyo hivyo, haikurudi. Asumini amelea watoto sita na kuzika wawili, anajua maana yake. Akamgeukia Niyonsenga na kumuuliza huyu mama amekunywa lini.

Niyonsenga hakutaka kusema. Alimtazama Koko kwanza, kisha akasema kwamba tangu siku ile fundi alipokuja, anakunywa funda moja asubuhi, la kumezea chakula. Usiku anakataa. Amemwomba kwa machozi, na bado anakataa.

"Koko, juu ya nini?" Assani aliuliza.

Yule bibi alijibu kwa sauti ndogo, pasipo lawama, kama anaeleza namna ya kupika kitu.

"Mutu asipokunywa, haendi choo. Batoto sitaweza kubakataza kunywa. Niyonsenga anafanya kazi. Mimi ninakaa tu. Nilisema, basi nitoke mimi mu ile hesabu, labda mutatuachia mupaka batoto bamalize mwaka ya masomo."

Nasiba alijifunika uso kwa mtandio. Idriss aliangalia kikombe chake, kitupu, mkononi.

Nami nilikuwa na mfuko wa simenti chini ya goti langu. Sitasema nilikuwa jasiri. Nilitamani kuondoka. Nilifikiria kabisa kuinuka na kusema mke wangu ananingoja. Lakini nilimtazama yule mama mzee, amekauka kwa sababu ya sentensi moja niliyoisema huku nimesimama mikono kiunoni, kabla ya kufunua kifuniko, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na nimefanya kazi ya mavi miaka thelathini na mitatu.

Nikaufungua mfuko. Nikaliweka bomba juu ya mkeka, kati ya tende na sambusa. Harufu iliwafikia wote, na hakuna aliyesogea.

"Munisikilize," nikasema. "Fosse haikukufa juu ya bageni. Mimi njo niliiua. Apa nilipashwa kutia kipande, sikutia. Papa Assani nikamuambia asilete vidange, na ule ulikuwa bongo, uongo mutupu. Ule uchafu ndani iko ya miaka kumi na saba. Hata mungekuwa batu bane, ingekufa."

Nikawaeleza yote: ufa, vile vipande vyeusi, nyundo, na jinsi nilivyotaka kuficha mchana ule ule. Nilisema kwamba fosse iliyojengwa vizuri na kunyonywa kila baada ya miaka michache ingewabeba wote kumi na watatu bila shida. Sikumtazama Assani nikisema. Nilipomtazama, alikuwa ananitazama, macho yamejaa maji. Sikujua kama ni hasira. Nadhani ilikuwa hasira, na anayo haki. Mara mbili katika miaka hiyo Asumini alimwomba alete gari la vidange, na mara mbili alikataa kwa sababu mimi nilisema.

"Uliniuliza kama nina hakika," nikamwambia. "Sikukuwa nayo. Nilikuwa na kiburi tu."

Alichukua jagi, akaliweka mbele ya Koko, akakaa.

Koko alikuwa amesikiliza kichwa kimeinama. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini alitaka kusikia tena, au alitaka tu nimwambie yeye mwenyewe.

"Kumbe si sisi?"

"Si ninyi, Koko. Ni mimi. Unisamehe."

Aliniangalia kwa makini, kama mtu anayekagua maharagwe kabla ya kuyanunua. Kisha akanyoosha kikombe. Idriss ndiye aliyekuwa karibu na jagi. Alimmiminia mpaka maji yakafurika kwenye mkeka. Koko alikunywa chote. Akanyoosha tena. Alikunywa cha pili taratibu, amefumba macho, akikishika kwa mikono miwili, na tulikuwa tukiyasikia maji yanavyoshuka kooni mwake. Niyonsenga alilia kwa sauti, hakujizuia. Asumini alimtilia chumvi kidogo na sukari kwenye kikombe cha tatu, akamwambia anywe polepole.

Baada ya muda Koko aliweka kikombe chini. Akatazama upande wa nyuma, kule ambako mashimo yalikuwa wazi na choo kimefungwa kwa ubao, na sura yake ikabadilika tena. Alikuwa na aibu ya kusema, akasema.

"Sasa nimekunywa. Nitaenda wapi?"

Ndugu zangu, sikuwa nimefikiria. Tangu tufunue mashimo, watoto walikuwa wakienda kwa jirani mmoja mwenye moyo, wanaume msikitini, na yeye hakuwa akienda popote. Nikasema kwangu. Choo changu kizima, dakika nne. Waje wote, asubuhi, mchana na jioni, mpaka nimalize shimo jipya, na shimo hilo sitaacha kuchimba nikipata ufa, nitafika mita sita hata kama ni kwa meno. Nilisema mke wangu, Bulonza, atafurahi, ingawa nilijua atanifokea mwezi mzima, na alifanya hivyo.

Koko alijaribu kuinuka. Niyonsenga akasogea kumshika, nami pia. Lakini Idriss alikuwa ameshasimama. Alijaza birika la maji, lile lao la kutawadhia, akalishika kwa mkono wa kushoto. Kisha akainama mbele ya yule bibi, mpaka bega lake likawa sawa na uso wake.

"Koko, shika mukono yangu," akasema. "Tutaenda pole pole."

Walitoka getini, wakakwepa yale maji ya barabarani, yeye akitangulia kuonyesha jiwe la kukanyaga. Majirani walikuwa nje, wamemaliza kufuturu. Mmoja akamuuliza Idriss wanaelekea wapi na yule mgeni wao. Nilikuwa nyuma yao hatua chache, nikasikia.

"Si mugeni," Idriss akamjibu. "Ni koko wetu, ninamupeleka choo."